Kusafisha na kutunza kompyuta baada ya kuhama Windows kwenda Linux Mint: mwongozo kamili

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulisitishwa tarehe 14 Oktoba 2025, na wenye laptopu za mitumba zisizoweza kubeba Windows 11 wamekuwa wakihamia Linux Mint, mfumo endeshi wa bure. Kuiweka si kazi ngumu tena. Watu wanakwama baadaye: diski inajaa bila wao kujua kwa nini, masasisho yanakatikia njiani, au kompyuta inagoma kuwaka baada ya kufanyiwa "usafi".

Chanzo karibu kila mara ni kimoja. Mtu amehama na tabia zake za Windows: anatafuta programu ya kusafisha rejista (hazina ya mipangilio ya Windows), anatafuta ya kupanga upya diski, anafuta folda asizozijua kwa sababu zinaonekana kubwa. Linux haina rejista, na mfumo wake wa mafaili, ext4, hauhitaji kupangwa upya. Usafi wake ni mambo machache, ila mpangilio ndio unaookoa: hifadhi mafaili, sahihisha saa, sasisha mfumo, kisha ndipo ufute. Anayeanza na kufuta ndiye anayepoteza.

Maelezo haya ni ya Linux Mint 22. Amri nyingi zinafanya kazi vilevile kwenye Ubuntu 24.04, ambayo Mint 22 imejengwa juu yake.

## Mahitaji

- Diski ya nje au flashi yenye nafasi kuzidi mafaili yako. Iwe imefomatiwa kwa muundo wa exFAT au ext4. FAT32 haikubali faili moja linalozidi GB 4, kwa hiyo video ya harusi itakataa kuingia.
- Flashi ile uliyotumia kuweka Mint. Usiifute. Ndiyo ambulensi yako kompyuta isipowaka.
- Bando la kutosha. Masasisho ya kwanza baada ya kuweka mfumo yanaweza kufika GB 1 au kuzidi.
- Umeme wa uhakika kwa saa mbili: uniti za Yaka (umeme wa kulipia kabla hapa Uganda) zitazame kabla ya kuanza, na betri ya laptopu iwe juu ya asilimia 50.
- Kwa usafi wa vumbi: bisibisi ndogo ya nyota, brashi laini, na kipulizi cha mpira cha mkono.

Terminali, dirisha la kuandikia amri, utaifungua kwa Ctrl+Alt+T. Amri inayoanza na `sudo` itakuuliza nywila, na unapoiandika hakitaonekana chochote, hata nyota. Si kwamba kibodi imekufa. Andika hadi mwisho, bonyeza Enter.

## Hatua ya 1: Hifadhi mafaili, na uhakikishe yameandikwa kweli

Nakili Documents, Pictures, Downloads na Desktop kwenda diski ya nje. Kama bado una sehemu ya Windows kwenye diski ileile, ifungue ndani ya programu ya Files na utazame Users, kisha jina lako la zamani. Huko ndiko picha na barua nyingi hubaki zimesahaulika.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Linux huweka data kwenye RAM kwanza, kisha huiandika taratibu kwenye flashi. Mstari wa maendeleo unaweza kufika mwisho huku nusu ya data haijaandikwa. Ukichomoa hapo, mafaili yatakuwepo kwa majina, lakini hayatafunguka. Baada ya kunakili, andika:

`sync`

Subiri mpaka terminali irudishe mstari mpya. Inaweza kuchukua dakika kadhaa, na kimya hicho ni cha kawaida. Kisha bonyeza alama ya kutoa flashi ndani ya Files na usubiri ujumbe kwamba unaweza kuichomoa.

Sehemu ya Windows ikikataa kufunguka, au ikifunguka kwa kusoma tu, maana yake Windows haikuzimwa kabisa. Kipengele chake cha kuwaka haraka hulaza mfumo badala ya kuuzima, na Linux inakataa kuandika juu ya diski iliyolala ili isiiharibu. Kama Windows bado inawaka, ingia humo, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike `powercfg /h off`, kisha zima kwa njia ya kawaida.

Kama Windows imeshafutwa na imebaki sehemu ya data tu, tafuta jina lake kwa `lsblk -f`. Mstari wenye neno ntfs, mfumo wa mafaili wa Windows, ndio huo. Tuseme ni sda3:

`sudo ntfsfix -d /dev/sda3`

Amri hii inaondoa alama ya "haikufungwa vizuri", haiponyi diski mbovu. Ikifunguka, nakili kila kitu mara moja. Sehemu ya NTFS haina wa kuikagua vizuri ukishaacha Windows, kwa sababu chombo chake kamili cha ukaguzi, chkdsk, ni cha Windows. Usiifanye makazi ya kudumu ya mafaili yako.

*Umefaulu ikiwa:* umeichomeka tena flashi, umefungua mafaili matano au sita ya aina tofauti moja kwa moja kutoka humo, na yote yamefunguka.

## Hatua ya 2: Sahihisha saa

Inaonekana jambo dogo, lakini saa mbovu inazuia masasisho na inafanya kivinjari kilalamike kwamba tovuti si salama. Ukiona maneno haya kwenye terminali:

`Release file for ... is not valid yet`

tatizo si mtandao. Kompyuta yako inaamini ni tarehe ya nyuma. Tazama hali:

`timedatectl`

Panga eneo:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Kampala`

Ukiwa na intaneti, saa itajirekebisha. Isipojirekebisha, iweke kwa mkono:

`sudo timedatectl set-ntp false`
`sudo timedatectl set-time '2026-01-15 10:30:00'`
`sudo timedatectl set-ntp true`

Badilisha tarehe iwe ya siku yako, na kumbuka kompyuta haihesabu saa za Kiswahili: saa nne na nusu asubuhi ni 10:30, saa mbili usiku ni 20:00.

Kama unatumia Windows na Mint kwenye kompyuta moja na Windows inaonyesha saa tatu nyuma, ni kwa sababu Linux huandika saa ya dunia kwenye ubao mkuu wa kompyuta wakati Windows hutarajia saa ya mahali. Sisi wa Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia, ndiyo maana tofauti ni tatu hasa. Amri moja inamaliza ugomvi:

`sudo timedatectl set-local-rtc 1`

Saa ikirudi nyuma kila kompyuta inapozimwa kabisa, betri ndogo ya ubao imekwisha. Kwenye kompyuta za mezani na laptopu nyingi za zamani ni ya aina ya CR2032. Kwenye laptopu mara nyingi ina nyaya mbili na plagi ndogo, kwa hiyo fungua uone kabla ya kununua.

## Hatua ya 3: Sasisha, kwa kutenganisha kupakua na kuweka

Masasisho yana sehemu mbili: kupakua, kunakokula bando, na kuweka, kunakohitaji umeme usiokatika. Ukizifanya pamoja, kukatika kwa kimoja kunaharibu vyote. Zitenganishe.

Kwanza pata orodha mpya:

`sudo apt update`

Kisha pakua tu, bila kuweka:

`sudo apt upgrade -d`

Kabla ya kuanza itakuambia kiasi, mfano "Need to get 412 MB of archives". Linganisha na salio la bando lako. Halitoshi? Jibu n na uache. Bando likiisha njiani si hasara: siku nyingine ukirudia amri ileile, itaendelea ilipoachia. Ila usiendeshe `apt clean` katikati, maana itafuta ulichokwisha kulipia.

Upakuaji ukikamilika, subiri wakati umeme uko thabiti, chaji ikiwa imechomekwa:

`sudo apt upgrade`

Safari hii haitapakua tena, itaweka. Usifunge mfuniko wa laptopu, usizime. Ikimaliza, iwashe upya.

Ukipendelea kutumia Update Manager badala ya terminali, ni sawa, kazi ni ileile. Upungufu wake ni kwamba hupakua na kuweka kwa mkupuo mmoja, na kwa umeme wetu ninapendekeza terminali.

### Umeme ukikatika wakati wa kuweka

Kompyuta ya mezani isiyo na UPS itazimika papo hapo. Ukiiwasha, ujumbe unaokuja ukijaribu tena ni huu:

`dpkg was interrupted, you must manually run 'sudo dpkg --configure -a'`

Usiweke mfumo upya. Fanya inavyokuambia, kisha ongeza amri ya pili:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt install -f`

Ya kwanza inamalizia vifurushi vilivyoachwa nusu, ya pili inaleta vinavyokosekana. Mara nyingi zinatosha.

Ujumbe mwingine unaotisha bure ni "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend". Maana yake programu nyingine, kwa kawaida Update Manager, inashughulikia vifurushi wakati huohuo. Subiri dakika kumi au uifunge. Mtandaoni utaona ushauri wa kufuta faili hilo la kufuli. Usiufuate: ukilifuta programu mbili zikiwa kazini, zitaandika juu ya orodha moja na kuivuruga, na kuirekebisha ni kazi ya siku nzima.

*Umefaulu ikiwa:* `sudo apt update` inamaliza kwa "All packages are up to date" au inataja vichache vilivyozuiliwa kwa makusudi, na kompyuta imewaka upya bila shida.

## Hatua ya 4: Tafuta kilichojaza diski kabla ya kufuta chochote

`df -h /`

Tazama safu ya Use%. Chini ya asilimia 80 hakuna haraka. Ikipita 90, anza kazi leo. Ikifika 100 utakutana na hali ya ajabu: unaandika nywila sahihi kwenye skrini ya kuingia, skrini inapepesa, inakurudisha palepale. Wengi hudhani wamesahau nywila. Kumbe mfumo umekosa hata nafasi ndogo ya kuandika faili la kuingia.

Ukifikia hapo, bonyeza Ctrl+Alt+F3. Itatokea skrini nyeusi ya maandishi. Ingia kwa jina na nywila, kisha:

`sudo apt clean`
`sudo timeshift --list`
`sudo timeshift --delete`

Ya mwisho itakuonyesha nakala za mfumo na kukuuliza ipi ifutwe. Chagua ya zamani zaidi. Rudi kwa Ctrl+Alt+F7 na uingie kama kawaida.

Kama bado unaingia vizuri, fungua Disk Usage Analyzer kutoka kwenye menyu na ukague diski yote. Inachora folda kwa ukubwa. Lengo ni kujua kama uzito uko ndani ya /home, ambayo ni mafaili yako, au nje yake, ambao ni mfumo. Uzito wa /home hautaondoka kwa amri yoyote ya usafi. Ni video na filamu, na uamuzi ni wako.

## Hatua ya 5: Ondoa taka, kwa mpangilio huu

Timeshift kwanza, programu ya Mint inayotunza nakala za mfumo. Hii ndiyo inayojaza diski za GB 120 na 128 kuliko kitu kingine chochote. Nakala ya kwanza huchukua nafasi karibu sawa na mfumo mzima, na zinazofuata huongeza yaliyobadilika. Fungua Timeshift, nenda Settings, sehemu ya Schedule. Acha nakala 2 za kila siku au 1 ya kila wiki, ondoa alama kwingine. Kwenye Users hakikisha /home haijajumuishwa. Mafaili yako yana hifadhi yake ya Hatua ya 1, na Timeshift haikuundwa kwa kazi hiyo.

Nakala za zamani zifutie ndani ya Timeshift yenyewe. Usiingie folda ya /timeshift kufuta kwa mkono. Nakala hushirikiana mafaili, na ukifuta ovyo Timeshift itabaki na orodha isiyolingana na kilichopo.

Kerneli za zamani. Kerneli ni kiini cha mfumo. Kila sasisho lake linaacha iliyotangulia, na kila moja huchukua mamia ya megabaiti.

`sudo apt autoremove --purge`

Soma orodha kabla ya kujibu y. Ukiona majina kama linux-image na linux-headers yenye namba za zamani, sawa. Ukiona cinnamon, mint-meta au programu unayoitumia, jibu n. Hiyo ni dalili kwamba uliwahi kuondoa kitu ambacho vingine vinakitegemea.

Bakiza kerneli mbili: inayotumika sasa, ambayo `uname -r` itakutajia, na moja ya nyuma yake. Sasisho jipya likigoma na Wi-Fi yako, ile ya nyuma ndiyo utakayochagua kwenye Advanced options wakati wa kuwasha. Ukitaka mfumo ujisafishe wenyewe, fungua Update Manager, Edit, Preferences, Automation, na uruhusu uondoaji wa kerneli zilizopitwa.

Vifurushi vilivyopakuliwa. Sasa, baada ya kuweka masasisho, ndipo wakati wake:

`sudo apt clean`

Flatpak, njia nyingine ya kuweka programu kwenye Mint. Ukiwa umewahi kuweka programu ya Flatpak kisha ukaiondoa, vitegemezi vyake hubaki, na ni vizito:

`flatpak uninstall --unused`

Kumbukumbu za mfumo.

`journalctl --disk-usage`
`sudo journalctl --vacuum-size=200M`

MB 200 zinatosha kuchunguza hitilafu ya wiki hizi. Usizifute zote, siku kompyuta ikigoma, humo ndimo fundi atakamotazama.

Picha ndogo za mafaili ziko ndani ya ~/.cache/thumbnails na zinaweza kufutwa bila hofu, mfumo utazichora upya. Na pipa la taka: kumbuka kulimwaga, pamoja na la kila diski ya nje.

Kuhusu BleachBit, programu ya usafi ambayo wazoefu wa Windows huikimbilia: ikiendeshwa na mtumiaji wa kawaida kwa kufuta kache za vivinjari, haina ubaya. Ikiendeshwa kama msimamizi huku umeweka alama kila mahali, inaweza kufuta vitu ambavyo mfumo unavihitaji. Kila kinachohitajika kimeshafanywa na hatua zilizotangulia.

*Umefaulu ikiwa:* `df -h /` inaonyesha chini ya asilimia 80, na kompyuta imewashwa upya na kuingia kama kawaida.

## Hatua ya 6: Mabaki ya Windows kwenye diski

Hii ndiyo hatua inayoua kompyuta, kwa hiyo soma yote kabla ya kugusa.

Ukifungua programu ya Disks utaona vipande vidogo vilivyoachwa na Windows: kimoja cha FAT32 cha MB 100 hadi 500, kingine cha MB 16, kingine cha ufufuzi cha MB 500 au zaidi. Vinaonekana kama takataka. Kile cha FAT32 si takataka. Windows ilikiunda, lakini Linux Mint nayo imeweka humohumo kianzishi chake. Ukikifuta, kompyuta haitawaka. Kihakikishe:

`findmnt /boot/efi`

Kipande kitakachotajwa hapo hakiguswi. Hivyo vingine vidogo viache pia. Nafasi utakayopata haifiki hata filamu moja, na hatari ni kubwa kuliko faida.

Kipande kikubwa cha Windows ni suala tofauti. Ukiwa umehakikisha mafaili yametoka, kinaweza kufutwa na nafasi kutumiwa. Kama kilifungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, hakikisha unayo namba ya ufufuzi ya tarakimu 48 na umenakili yaliyomo kabla ya kukifuta.

Watu wengi wanataka kurefusha sehemu ya Linux ili imeze nafasi hiyo. Hapo tazama mchoro kwanza. Nafasi ikiwa upande wa kulia wa Linux, kurefusha ni kwa dakika chache, kwa kutumia GParted, programu ya kugawa diski, ukiwa umewasha kutoka flashi ya Mint. Ikiwa upande wa kushoto, kama ilivyo kwa kawaida, GParted italazimika kusogeza data yote, kazi ya saa kadhaa, na umeme ukikatika humo ndani unapoteza mfumo na kila kilichomo. Usifanye hivyo. Badala yake, kwenye Disks, ifomati sehemu hiyo iwe ext4, uipe jina lisilo na nafasi kama DATA, na uitumie kuweka mafaili yako.

Baada ya kufomati, Mint itakukatalia kuandika humo kwa sababu mmiliki ni msimamizi. Ifungue mara moja ndani ya Files, kisha:

`sudo chown -R $USER:$USER /media/$USER/DATA`

Mwishowe sasisha orodha ya kuwashia. Jina la Windows linaweza kubaki humo, kwa kuwa kianzishi chake bado kiko kwenye kile kipande cha FAT32:

`sudo update-grub`

Kama umefuta kipande kisicho sahihi na kompyuta haiwaki, usibonyeze chochote zaidi kwenye diski. Washa kwa flashi ya Mint, na kama kipande cha kuwashia bado kipo, tumia Boot Repair, programu ya kurekebisha uwashaji iliyomo ndani yake. Kama kimefutwa, mpe kazi hiyo fundi anayejua Linux. Data yako bado ipo mahali pake.

## Hatua ya 7: Pima afya ya diski

Laptopu ya mitumba ina diski ya mitumba. Hakuna usafi utakaoiponya inayokufa.

`sudo apt install smartmontools`
`sudo smartctl -H -A /dev/sda`

Tazama mistari miwili, Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, namba ya mwisho kulia. Zote zikiwa 0, vizuri. Reallocated ikiwa na namba ndogo isiyopanda mwezi hadi mwezi, endelea lakini hifadhi mara kwa mara. Pending ikiwa juu ya 0 na inapanda, nunua diski nyingine wiki hii. Kwa diski za NVMe andika /dev/nvme0n1 na utazame Percentage Used na Media and Data Integrity Errors.

Kama diski ni ya kuzunguka na fedha ipo kidogo, kuibadilisha kwa SSD, diski isiyo na kinachozunguka, kutakupa kasi kuliko jambo lolote lingine katika mwongozo huu. Mint itaitunza SSD yenyewe: kila wiki huitaarifu ni nafasi zipi zimeachwa wazi. Thibitisha kwa `systemctl status fstrim.timer`, uone neno active.

## Hatua ya 8: Vumbi na joto

Feni ikinguruma wakati hufanyi kitu, watu huilaumu Linux. Pima kwanza:

`sudo apt install lm-sensors`
`sensors`

Ikiwa imetulia, nyuzi 40 hadi 60 ni kawaida. Ikicheza video inaweza kupanda 80. Ikigonga 95, prosesa inajipunguzia kasi isiungue, na hapo ndipo kompyuta inapokuwa nzito.

Anayeishi kando ya barabara ya murram, hasa kiangazi cha Desemba hadi Februari, asafishe kila baada ya miezi sita. Wengine mara moja kwa mwaka inatosha.

Zima kabisa, chomoa chaji, ondoa betri; kama iko ndani, chomoa plagi yake ukishafungua. Kabla ya kutoa skrubu za mfuniko wa chini zipige picha kwa simu, maana urefu wake hutofautiana na ndefu ikiingia pasipo pake inatoboa ubao. Zuia feni kwa kidole isizunguke, kisha puliza kutoka kwenye matundu ya kutolea joto kuelekea ndani. Utaona zulia la vumbi kati ya feni na mapezi ya shaba. Livute kwa kibano badala ya kulisukuma.

Usipulize kwa mdomo, mate hufika kwenye ubao. Na usipeleke laptopu kwa fundi wa matairi apulize kwa kompresa: hewa yake ina unyevu na mafuta, na nguvu yake inang'oa feni.

Joto likibaki juu baada ya vumbi kutoka, mafuta ya kupitisha joto yamekauka. Futa ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, weka tone la ukubwa wa punje ya dengu, rudisha.

## Flashi zinazotoka kwa wachapishaji

Ukitoka kuchapisha Nasser Road, mtaa wa wachapishaji Kampala, au kafe yoyote, flashi inaweza kurudi na virusi vya Windows. Havitaiangusha Mint, lakini utavisambaza kwa wenzako. Dalili ni mafaili yenye kiambishi .lnk, .vbs, au .exe yenye jina la folda yako.

Uzuri ni kwamba mbinu ya virusi hivi ya kuficha mafaili haifanyi kazi hapa. Folda zako halisi utaziona kama kawaida, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina. Zihamishe kwenye kompyuta, futa hayo mengine pamoja na autorun.inf, kisha ifomati flashi.

## Ratiba

Kila wiki: `sudo apt update` na masasisho, kwa njia ya Hatua ya 3. Kila mwezi: Hatua ya 5, `df -h /`, `smartctl`, na nakala mpya ya mafaili kwenye diski ya nje. Kila miezi sita: vumbi. Wakati wa mvua za radi chomoa chaji na waya wa intaneti pia, kwa sababu radi hupitia hata huko.

Toleo jipya la Mint likitoka, huna haja ya kulikimbilia. Mfululizo wa Mint 22 utapata masasisho ya usalama hadi 2029. Ukiamua kuhamia toleo lingine, tengeneza nakala ya Timeshift kwanza, na uanze asubuhi, Yaka ikiwa imejaa.